Sharubu za Masizi

2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na yule jirani mwenye redio ameishiwa betri.

Kile kijumba nilichokuambia kimekwisha! Kampuni ya nguo inafungua ukumbi wa kumbukumbu palepale kwenye lango lao la zamani, na wameniagiza mimi kazi ya kuwekwa mlangoni, ya kwanza mgeni kuiona. Ni chumba chenu, Shangazi. Chumba cha kota za wafanyakazi mlichokulia wewe na marehemu baba, nimekipunguza mara ishirini na nne, kimetoshea juu ya meza. Nakutumia picha zake tano. Tazama zile chupa rafuni, nimezichonga kwa vijiti vya kiberiti, na macho yangu hayajapona.

Watu huniuliza mawazo napata wapi. Kwenye picha kuukuu, basi. Nipe picha moja iliyofifia, nitakaa nayo mpaka nijue kila msumari uliko. Hii niliikuta chini ya sanduku la baba. Alikuwa ameikata kutoka kwenye kijitabu cha kampuni. Chini yake wameandika "Mfanyakazi nyumbani kwake", na namba ya chumba ni yenu. Babu ambaye sikuwahi kumwona, huyu hapa kasimama mlangoni, na kofia, na koti, na sharubu!

Picha haina vipimo, kwa hiyo fundi hutafuta ndani yake kitu kimoja anachokijua urefu, kisha vingine vyote anavipima kwa hicho. Mimi nilimtumia babu. Wewe mwenyewe umeniambia mara mia kwamba alikuwa mrefu kama mimi. Kwake nikapata kuta, mlango, dirisha, meza, kila kitu.

Ufunguzi ni mwezi wa tano. Meneja wa ukumbi angependa useme maneno mawili matatu. Nimeshamwambia utakuja.

Mwanao,
Fundi


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, kinachouma ni moyo.

Kwanza, nani alikuruhusu kuniahidi kwa watu kama gunia la mchele? Pili, hicho chumba ni cha nani? Nimezipanga picha zako mezani, nimezizungusha, nimemwita hata jirani wa redio azitazame. Hapo kwenye kijumba chako mtu anaweza kucheza dansi. Kuna nafasi kati ya meza na ukuta, kuna nafasi kati ya ukuta na rafu, na katikati umeacha sakafu tupu inang'aa kama ya benki. Sisi tulikuwa watu tisa humo! Baba, mama, mama mdogo na watoto sita. Sakafu yenyewe niliiona siku tulipohama.

Na kitanda kiko wapi? Tulikuwa na kitanda cha chuma, kichwa chake kinagusa ukuta huu na miguu inagusa ule. Kwenda dirishani ilibidi upande juu yake. Mama alikuwa akisema humo ndani hakuna njia, kuna mlima.

Na huyo bwana wa mlangoni! Kweli babu yako alikuwa mrefu, na ndiyo maana alikuwa akiinama kuingia kwake, kila siku ya Mungu, na siku akisahau tulimsikia akitukana. Kwenye kijumba chako anaingia amenyooka na bado anaweza kubeba ndoo kichwani. Halafu umempa sharubu. Baba yangu hakufuga sharubu maisha yake yote, zilikuwa zinamwasha.

Sijui umepewa picha gani. Nitumie hiyo picha yenyewe, usinitumie hivyo viberiti vyako. Na huyo meneja mwambie maneno yangu mawili matatu hatayapenda.

Shangazi yako


16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenichoma, nitasema ukweli. Nimekaa na kazi hii tangu mvua za mwaka jana, nimekosa harusi mbili na msiba mmoja, halafu naambiwa nimechonga benki.

Nakuwekea nakala ya picha. Tazama mwenyewe. Kitanda hakipo. Meza ipo, kiti kipo, na babu yupo na sharubu zake, sikumpachika mimi. Picha haina mapenzi wala chuki, Shangazi. Inachukua kilichopo mbele yake basi. Kumbukumbu ni kitu kingine. Ulikuwa mtoto, mlikuwa wengi, mlisukumana, na sasa miaka imepita mingi. Si ajabu chumba kimesinyaa kichwani mwako. Mimi sisemi unadanganya. Nasema nina rula.

Kuhusu kuinama, pengine mlango mwingine ndio uliokuwa mfupi, ule wa bafu za nje. Mambo huchanganyika.

Tafadhali usikasirike. Njoo tu uone. Ukikiona kwa macho utafurahi.

Mwanao,
Fundi


21 Machi

Wewe mtoto,

Salamu hakuna. Umekula nyumbani kwangu, nimekupaka dawa ya upele, leo unaniandikia kwamba mambo yanachanganyika kichwani mwangu. Asante sana. Rula yako iweke mahali unapopajua.

Nimeitazama hiyo picha. Nimevaa miwani, nimeivua, nimeifuta kwa upindo wa gauni, nimeivaa tena. Kisha nimelia, na sikulia kwa huzuni, nimelia kwa hasira, kwa sababu miaka yote hii sikujua kwamba marehemu kaka yangu alikuwa nayo.

Huyo si babu yako. Huyo ni baba yako. Ana miaka kumi.

Kaa chini nikueleze, maana naona hakukueleza mwenyewe. Babu yako na majirani wa mstari wetu walipeleka malalamiko kwamba tunabanana, wakaomba kila familia kubwa iongezwe chumba cha pili. Mkaguzi wa serikali akaandikiwa. Kampuni wakasikia, wakaleta mpiga picha. Walifika asubuhi baba yuko zamu. Wakamwambia mama atoe kitanda, atoe magodoro, atoe masanduku, atoe sufuria, atutoe na sisi. Mimi nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nimeshika ncha ya godoro lisiguse matope. Meza na kiti waliviazima chekechea, kule walikosomea watoto wa mabwana. Ni meza ya watoto hiyo unayoiona! Halafu wakatutazama mmoja mmoja kama watu wanaochagua mbuzi, wakamchukua kaka, kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko umri wake na uso wake ulikuwa wa kiutu uzima. Koti walikuja nalo limeshonwa tayari kwa kimo cha mtoto, na vifungo vidogo. Kiwanda cha nguo hakikosi cherehani. Wakamvika kofia, wakachovya kidole kwenye masizi ya jiko letu wenyewe, wakamchora sharubu.

Mtu mdogo akisimama chumbani, chumba kinakua. Wao walilijua hilo. Wewe fundi mzima hukulijua.

Yeye alifurahi mno. Alidhani wamemchagua kwa utanashati wake. Walipomaliza wakamvua koti palepale wakaondoka nalo. Miezi ikapita, kijitabu kikatoka, mkaguzi akakitazama ofisini kwake akaona mfanyakazi amestarehe, na hakuja. Chumba cha pili hatukukipata. Mama mdogo alikohoa humo mpaka akafariki, nasi tunavuta pumzi ileile. Kaka alipoweza kusoma maneno ya chini ya picha ndipo alipoelewa walimfanya nini.

Sasa nijibu mimi mwenye kusinyaa kichwa. Ulishawahi kumwona baba yako amevaa koti? Hata siku ya harusi yako?

Kwenye ufunguzi siji. Waliudanganya ulimwengu mara moja kwa mwili wa mtoto, na sasa wanarudia kwa mikono ya mtoto wake.

Shangazi yako


29 Machi

Kwa Fundi wa Vijumba,

KUHUSU: KIJUMBA CHA MAKAZI YA WAFANYAKAZI

Uongozi wa ukumbi umefurahishwa sana na picha za kazi yako. Tunaambatanisha maneno yatakayobandikwa pembeni: "Tangu mwanzo, kampuni ilijali. Chumba cha mfanyakazi kilikuwa na hewa, mwanga na nafasi ya kutosha." Tafadhali thibitisha kwamba vipimo vinalingana na picha ya asili, ili tuongeze neno "halisi".

Kadi za mwaliko zenye picha ya kijumba zimekwisha kuchapwa.

Wako katika kazi,
Meneja wa Ukumbi


4 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unikemee kabla hujasoma mbele.

Niliposoma barua yako sikuamini. Nakiri hivyo. Nilichukua kioo cha kukuzia nikamtazama yule bwana wa mlangoni, mikono yake hasa. Nimechonga mikono ya watu wazima maisha yangu yote. Ile ni mikono ya mtoto, Shangazi, ina vidole vinene na vifundo havionekani. Nilikuwa nimeitazama miezi na miezi na sikuiona, kwa sababu nilitaka kumwona babu.

Bado nikajikaza. Nikaenda kiwandani. Mstari mmoja wa kota umebaki nyuma ya karakana, wanahifadhi madebe ya rangi. Nikamwomba mlinzi anifungulie. Nikaingia nimenyooka kama mjinga, nikapiga paji la uso juu ya mlango mpaka nikaona nyota. Mlinzi akacheka, akasema, "Kila mrefu anaanza hivyo." Nikasimama katikati nikanyoosha mikono, nikagusa ukuta huku na huku kwa mara moja. Nilikaa juu ya debe la rangi. Watu tisa! Mimi peke yangu nilikuwa nimeanza kukosa hewa.

Siku hizi nikilala nakasirika, nikiamka nakasirika. Baba alikaa na ile picha chini ya sanduku, mimi nikimuuliza habari za utotoni ananiambia nenda kalete maji. Sikujua kwamba alikuwa anaona haya kwa kosa la wengine. Na hao waliofanya hayo, wala hawakuhitaji kurudi. Mpiga picha aliyekufa zamani amenichezea mimi, na rula yangu, na elimu yangu yote. Halafu soma nilichoandikiwa na meneja, nimekuwekea nakala. "Hewa, mwanga na nafasi ya kutosha." Anataka niweke saini.

Nilitaka kukivunja kijumba. Nilishika nyundo kabisa. Ndipo nikaona jambo, nami naomba unisikilize vizuri. Kuta zangu hazina kosa. Nimezinakili kutoka kwenye picha, na kuta za kwenye picha ni kuta za kweli. Walio na kosa ni watu. Nilidhani yule wa mlangoni ni mtu mzima, kumbe ni mtoto. Basi akibaki kimo kilekile awe mtoto, wakubwa wote inabidi wamzidi, na vitu vyote vikue pamoja nao. Chumba kitajibana chenyewe bila mimi kusogeza ukuta hata unywele. Nitachonga watu upya, na kitanda, na masanduku. Meza ya chekechea naitupa.

Nisaidie. Kila mtu alilala wapi? Sufuria zilikaa wapi? Mama mdogo alikuwaje?

Mwanao,
Fundi


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Paji la uso lipake chumvi na maji ya moto. Umenisikitisha, na nimecheka pia, Mungu anisamehe. Baba alikuwa akipigia palepale.

Haya, andika vizuri, sirudii. Baba na mama kitandani, na mdogo wetu wa mwisho katikati yao. Chini ya kitanda wawili, vichwa nje, kwa sababu mmoja alikuwa akiogopa giza. Mama mdogo mlangoni kabisa, mgongo umezuia upepo, na ndiyo maana kila aliyetoka kwenda haja alimruka. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, anasuka ukili hata akiongea. Mimi na dada juu ya masanduku mawili yaliyounganishwa, na lile bonde la katikati lilikuwa langu maana nilikuwa mdogo kwake. Baba yako hakuwa na mahali. Alilala amekaa miguuni pa mama mdogo, amejiegemeza kwenye mlango uliofungwa. Ndiyo, mlangoni hapohapo walipomsimamisha.

Sufuria zilining'inia juu ya kitanda. Usiku zikigongana tulijua baba amegeuka.

Usimvike baba kofia nzuri. Usimtie mama tabasamu, labda kidogo upande mmoja. Na kaka yangu muache na koti lao na masizi yao, lakini mpe uso wake.

Huyo meneja usimjibu ukiwa na hasira. Ukishindwa, mjibu hivyohivyo.

Shangazi yako


3 Mei

Kwa Fundi wa Vijumba,

KUHUSU: MABADILIKO YASIYOKUBALIKA

Tumepokea kijumba na tumeshangaa. Sanamu zimezidi mno, mgeni haoni sakafu wala ukuta wa nyuma. Mtu mzima mmoja amechongwa ameinama mlangoni, hali inayoonyesha kana kwamba mlango ni mfupi. Aidha, mtoto aliyechorwa masharubu analeta maswali ambayo uongozi hauko tayari kuyajibu. Tunaomba uje uondoe sanamu zote pamoja na kitanda kabla ya ufunguzi ili chumba kionekane.

Meneja wa Ukumbi


5 Mei

Bwana Meneja,

Uliniomba nithibitishe kwamba vipimo vinalingana na picha ya asili. Nathibitisha. Chukua rula, pima ukuta wowote. Kisha nenda nyuma ya karakana yenu, sogeza madebe ya rangi, pima tena. Mlinzi ana ufunguo. Chunga kichwa.

Unasema watu wanazuia chumba kisionekane. Bwana Meneja, hicho ndicho chumba. Mlikwisha kuwatoa watu hawa mara moja, na kitanda chao, na sufuria zao, mkawasimamisha nje kwenye matope ili mpige picha. Mtoto mliyemwacha ndani alikuwa baba yangu. Mimi siwatoi tena.

Ukiondoa sanamu moja, nakuja kuchukua kijumba chote, nawe uwaeleze wageni kadi zenu zinaonyesha nini. Na hayo maneno yenu ya hewa na mwanga, yabandikeni mnapopenda ila si kwenye kazi yangu. Mtoto mwenye masharubu akiulizwa maswali, mwacheni tu. Yeye hahitaji kujibu. Mtajibu nyinyi.

Fundi wa Vijumba


20 Mei

Mwanangu mpendwa,

Nilisema siji, nikaja. Sikukwambia kwa sababu nisingependa unishike mkono mbele za watu kama yai. Jirani wa redio alinisindikiza, na nilimkataza kuileta redio yake.

Mlangoni hapakuwa na kijumba. Pale pa kwanza wameweka mashine ya kufumia imepigwa rangi mpya. Damu ilinichemka, nikamshika bega yule kijana wa tai nikamuuliza, "Wako wapi watu wangu?" Akasema hajui. Nikamwambia basi tafuta anayejua, mimi natafuta choo, nikirudi nikukute hapa.

Nao walikuwa hukohuko! Kwenye korido ya kwenda chooni, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Walitaka kuwaficha, wakasahau kwamba kila mtu lazima apite pale, wake kwa waume, na mheshimiwa aliyekata utepe naye. Hawakumgusa hata mmoja. Nimewahesabu. Hakuna maneno yaliyobandikwa pembeni, ukuta mtupu tu.

Niliinama pale kwenye tundu uliloacha ukutani la kuchungulia. Mwanangu, mama yangu anatabasamu upande mmoja. Ulijuaje ni upande wa kushoto? Mama mdogo nimemwita kwa jina. Na kaka yangu yuko mlangoni na lile koti la wizi, anajaribu kuwa mkubwa kadiri ya nguvu zake, na nyuma yake baba ameinama anaingia, mkono wake karibu na bega la mtoto. Hilo sikukuandikia. Hilo umeliongeza wewe, na picha haina. Wala sikugombezi.

Nilikaa pale muda, nikizuia watu njia, na sikujali. Hasira haijaniisha, usidhani. Mle ukumbini wameandika mambo ya kuchekesha ukutani, na kila anayepita anasoma akitikisa kichwa kwamba kampuni ilikuwa baba na mama. Baba na mama yangu wako chooni.

Basi akaja mama mmoja wa heshima, mkoba mzuri, manukato, nadhani ni mjukuu wa mmoja wa mabwana wale, maana walikuwa wakimfungulia milango. Akachungulia baada yangu. Akachungulia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akanyanyuka akaniuliza, kwa upole kabisa, maana alidhani mimi ni mtu wa kufagia korido: "Mama, mbona fundi amewabana hivi? Si angewaongezea nafasi kidogo?"

Nikamwambia, "Tuliomba."

Shangazi yako